Makombe ya Mpimaji

Jina lake nalijua. Mimi majina hayanipotei. Waulize wajukuu zangu, watakwambia nyanya husahau alikoweka miwani lakini hasahau jina la mtu aliyemsalimu mara moja gatini. Ila la huyu siliandiki. Wajukuu zake wapo Siyu, wanaswali, wanasomesha watoto, na sitaki mtu awafuate mlangoni kuwauliza habari za tanu la kuchomea chokaa. Sisi wa kisiwa cha Ndau tulimwita Mpimaji, naye aliitika.

Mtu akitaka kujenga, au kununua chombo, au kuchimba kisima, na akawa na njia mbili tatu mbele yake, alimwita Mpimaji kabla hajamwita fundi. Yeye mwenyewe si fundi. Sikumwona hata siku moja ameshika mwiko. Alichokuwa nacho ni mkoba wa ukili uliojaa makombe ya pwani, yale membamba yanayovunjika kwa vidole, na mizani ndogo ya shaba ya kupimia bizari. Alitandika jamvi, akaketi, akauliza maswali mpaka mwenye shida akajuta kumwita, halafu ndipo akaanza kupanga.

Nieleze alivyopanga, maana bila hilo humjui. Kila mzigo ulikuwa kombe. Mzigo si pesa tu: ni safari ya mashua, ni kazi ya mtu kutwa nzima, ni kuni, ni chochote ambacho kitu chako kitakudai. Utakachobeba mwaka huu, kombe zima. Utakachobeba mwakani, kombe lililomegwa. Cha miaka ya mbele, kipande. Cha wakati mtoto wako atakapooa, kijipande. "Mzigo wa mbali hauelemei kama wa leo," alisema, "kwa kuwa hapo kati mtu hupumzika, hupata, na huenda akafa akawaachia wengine." Kisha aliyakusanya makombe ya njia moja akayatia katika kitanga kimoja cha mizani, ya njia nyingine katika kitanga cha pili, na watu wakatazama wenyewe upi mzito.

"Mimi napima," alimalizia kila mara. "Kuchagua ni kwenu."

Watu walilipenda neno hilo, wakiliona la adabu. Mimi lilinikaa vibaya tangu siku ya kwanza nilipolisikia. Mtu asiyechagua halaumiwi. Na kuna jambo jingine ambalo sijui kwa nini wengine hawakuliona, nami chuo changu ni cha Qur'ani tu, tena sikumaliza: ukubwa wa kile kipande ulikuwa mkononi mwake. Mwaka wa tano umegwe kiasi gani, alijua nani? Yeye na vidole vyake.

Alikuwa mrefu, mkavu, kanzu yake haikumfika vifundoni, na alitembea ameinama kama anayetafuta pete aliyoiangusha. Hakunywa maji ya mtu bila kwanza kukiinamisha kikombe na kutazama chini. Akiona mchanga alitia kidole, akausugua, akaunusa, halafu ndipo akasema Bismillahi. Mavyaa wangu Bi Zena, mamake mume wangu Athmani, alilichukulia jambo hilo kuwa tusi.

"Bwana, nimekutilia sumu?"

"La, Bi Zena. Naangalia maji mwayatoa wapi."

"Si ungeuliza?"

"Nikiuliza utanijibu kwa heshima. Kikombe hakinionei haya."

"Basi siku nyingine njoo unywe na kikombe, mimi nitakaa ndani."

Kitu rahisi kilimtia wasiwasi kuliko kitu ghali. Niliwahi kumkuta gatini Mtangawanda, tunangoja mashua, Bwana Lali muuza kamba amempa bei ya kutupa. Mtu mwingine angelipa akashukuru. Yeye alikata uzi mmoja wa kamba, akaulowesha baharini, akaufunga kwenye dole gumba la mguu, akaketi juu ya gunia.

Bwana Lali akamngoja, akamngoja. "Bwana, wanunua au umehamia?"

"Nangoja ikauke. Nataka kujua ikikauka itanibana kiasi gani."

"Ewe Bwana! Wewe hata kaburini utawauliza litadumu miaka mingapi!"

Gati zima lilicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Uzi ulipokauka aliuvuta, ukakatika, akasimama akaenda zake. Na hapo nami nikakwama, maana nilikuwa nimekwisha kuinunua ile kamba.

Sasa mtu kama huyo ungedhani nyumbani kwake kila kitu kimenyooka. Nenda Siyu ukaone. Nusu ya paa ilikuwa na makuti mapya, nusu ina makuti meusi yaliyooza, na baina yake tundu ambalo mkewe, Bi Rukia, alilitegea sufuria. Mpimaji alikuwa akipima kama aezeke makuti tena au aweke mabati. Alianza kupima Bi Rukia akiwa na mtoto mmoja mgongoni.

"Na mabati, Bwana?" Bi Rukia alimuuliza mbele yetu siku moja, bila hata kupunguza sauti.

"Yana kutu. Hewa ya hapa ina chumvi."

"Na makuti?"

"Yataoza."

"Na mimi je? Mimi sipati kutu wala siozi, nalowa tu!"

Kwa watu wengine alikata maneno alasiri moja. Kwa nafsi yake hakukata. Niliwaza: huenda ni kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumwambia kuchagua ni kwenu.

Habari ya jabia ndiyo iliyonikutanisha naye hasa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko Lamu na bendera yake. Visima vyetu vya Ndau ni vya chumvi, vya kufulia. Maji ya kunywa yalitoka kwenye jabia, ile sakafu pana inayokinga mvua na kuipeleka shimoni. Lile la wazee lilikuwa limepasuka, kila masika linajaa na kabla ya kaskazi linakauka. Kwa hiyo sisi wanawake tulivuka kwenda visima vya bara na mashua, tukajaza madebe, tukarudi nayo. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, Aboud. Nayaeleza haya ujue nilikuwa nikipima kwa mgongo wangu.

Mzee Shee, mkubwa wa kijiji, akasema litengenezwe jambo. Wanaume walikuwa na maneno mengi na mifuko mitupu, ule ulikuwa mwaka mbaya wa kuvua papa. Basi ikaamuliwa wanawake watoe vyombo vyao: vipuli, bangili, vikuku. Mimi nilikuwa na vikuku vya fedha vya marehemu mamangu. Alivivua miguuni mwake akanivika mimi asubuhi ya harusi yangu, na hakuishi mwaka baada ya hapo. Nikitembea navyo, namsikia yeye. Nikajua chochote kitakachochaguliwa, vikuku vile vitayeyuka ndani yake. Vikiyeyuka kwa jambo la uongo, nitakuwa nimemzika mamangu mara ya pili.

Mpimaji akaitwa.

Alikuja akakaa siku kadha. Cha ajabu, alituuliza sisi wanawake kabla ya wanaume. Nani hubeba, debe lina uzito gani likijaa, mwenye mimba huachiwa au hubeba kidogo tu. Alisimama pwani akatutazama tukishusha madebe, mikono nyuma.

"Bwana," Bi Zena akamwambia, "macho yako hayabebi. Shika hili."

"Nikishika nitasahau kuhesabu."

"Hesabu na hili basi!" akamrushia kitambaa cha kichwa kilicholowa jasho. Akakidaka, akakitazama, nakuapia, kama anayekitafutia kombe lake.

Mkutano ulikuwa ukumbini kwa Mzee Shee baada ya swala ya alasiri. Wanawake tulikaa ndani, mlango umeachwa wazi kiasi cha kuona jamvi. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kununua mashine ya kutia kwenye mashua, tuvuke kwa haraka. Hiyo ndiyo aliyoitaka Athmani wangu na vijana wote. Ya pili, kujenga jabia jipya kwa simiti, likamilike kabla ya masika. Ya tatu, kujenga kwa chokaa kama wazee. Lakini chokaa huchomwa, kisha huachwa inyeshewe mpaka ilainike, ndipo ijengewe. Maana yake masika moja ipite bure, na sisi tuendelee kuvuka mwaka mwingine.

Mpimaji akaanza na mashine. "Mafuta yake yatoka wapi?"

"Lamu," Athmani akajibu.

"Yaja na nini?"

"Na... mashua."

"Ya mashine?"

"Ya tanga."

Watu wakacheka. Mpimaji akaweka makombe, mengi, mwaka huu, mwaka ujao, na kila mwaka. "Mashine ya kuleta maji itakaa pwani ikingoja tanga liiletee chakula. Sisemi msinunue. Napima tu."

Akaja kwenye simiti. Alihesabu mifuko na safari, nikaona ni haki. Halafu akauliza, "Simiti huchanganywa na maji. Ikishikana hufunikwa magunia ikanyweshwa kila siku, kama mwenye homa. Maji gani?"

"Ya bahari yapo hapo," kijana mmoja, Bakari, akasema.

"Na mchanga?"

"Wa pwani upo."

"Basi mtakunywa bahari ndani ya jabia. Simiti yataka maji matamu na mchanga mtamu. Nani atayaleta?"

Bi Zena akaniminya mkono. Sote tulijua nani. Akaweka makombe ya maji, mazima, safu ndefu.

Chokaa ikaja mwisho, wakati kahawa imekwisha kunywewa na watu wamelainika. Mawe ya kuchoma, kuni, kungoja, mwaka mmoja wa kuvuka tena, kisha marekebisho ya kila miaka michache. Mvua yenyewe ndiyo itakayoinywesha. Akapima. Dhidi ya chokaa, mashine ikashuka kwa kishindo. Simiti nayo ikashuka. Chokaa ikabaki juu, nyepesi, inaning'inia.

"Kuchagua ni kwenu," akasema.

Sasa nisikilize. Watu wote walikuwa wakitazama mizani. Mimi nilikuwa nikitazama vidole. Waliposimama kwenda swala ya magharibi waliacha jamvi na makombe yamerudishwa safu zake, na kufagia ni kwangu. Nikainama. Kipande cha mwaka wa tano wa simiti kilikuwa kama ukucha wa dole gumba. Kipande cha mwaka wa tano wa chokaa kilikuwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mwaka ni ule ule. Kwa nini mmoja uwe mwepesi?

Nikaviokota vyote nikavitia kwenye ungo, kila njia upande wake. Siku ya pili, mavyaa wangu amelala baada ya adhuhuri, nilifunga vifuu viwili kwenye kijiti, nikapata mizani yangu. Kila kipande cha chokaa nilikitupa nikavunja kingine sawa na mwenzake wa simiti. Nikapima. Chokaa ikapanda bado. Kidogo sana. Nilipoondoa kombe moja upande wa simiti, vikasimama sawa.

Kwa hiyo chokaa ilishinda, kwa kombe moja, si kwa lile pengo alilotuonyesha. Nikakaa pale na vifuu vyangu. Amefanya hila, na hila yake imeangukia kwenye kweli. Utamwambia nani neno kama hilo? Ningesema tu vipande vimechezewa, hakuna ambaye angengoja kusikia yaliyobaki. Athmani na Bakari wangekwenda Lamu kununua mashine kesho yake. Nikavivua vikuku nikampa Bi Zena awapelekee. Miguu ikawa kimya.

Kwa nini alifanya hila nililijua chokaa ilipofika. Ililetwa na Bwana Kassim wa Siyu, mwenye tanu. Alishuka pwani, Mpimaji amesimama pale pale, wakapeana mikono.

"Salaam alaykum, Bwana."

"Alaykum salaam, Bwana. Habari za safari?"

"Njema, alhamdulillahi."

Wakaachana. Bi Zena, ambaye ni mtu wa Siyu na nasaba za kule anazo kichwani, akasimamisha debe lake. "Hee! Mwanahawa, umeona?"

"Nimeona nini, mama?"

"Kassim ni ndugu yake Bi Rukia, baba mmoja mama mmoja. Hawa wawili ni mashemeji, mwamu na mwenzake! Mwamu wako humkuti usimtanie, usimnyang'anye kofia. Hawa wasalimiana kama mahakamani."

Ndipo nikaelewa. Watu wanaoficha jambo mara nyingi hukosea kwa kuzidisha adabu.

Jabia lilijengwa. Mwaka ule mmoja tulivuka kama alivyosema, na Aboud alizaliwa baina ya safari mbili. Masika iliyofuata likajaa, likakaa na maji mpaka masika nyingine. Baada ya miaka pembe moja ikavuja, tukaiziba kwa chokaa, na chokaa hiyo ilitoka tanu lile lile. Kila nilipoteka maji nilishukuru, na kila niliposhukuru nilimshuku. Alipopita Ndau kupimia watu wengine nilimpa maji, akakiinamisha kikombe akatazama chini, nami nikawaza: wewe ndiwe wa kutazama?

Miaka ikapita mingi. Athmani alifariki, Bi Zena alifariki. Nilikwenda Siyu kwenye tanzia ya jamaa za Bi Zena, nikashuka Mtangawanda, nikatembea ile njia ya miguu mpaka mjini. Baada ya kuhani nikaulizia nyumba ya Mpimaji. Haikuhitaji kuulizwa, paa niliitambua. Nusu nyeusi, nusu si nyeusi sana.

Alikuwa ameketi barazani. Macho yalikuwa yameingia ukungu, haoni.

"Nani?"

"Mwanahawa wa Ndau. Mke wa marehemu Athmani."

"Mkaza mwana wa Bi Zena. Yule aliyekuwa akinitazama vidole."

Nilisahau hata kuketi. "Ulijua?"

"Kazi yangu yote watu walitazama mizani. Ukitazamwa vidole, wahisi."

Basi nikaona hakuna haja ya kuzunguka. "Bwana, tanu lile lilikuwa la nani?"

"La Kassim."

"Na la nani?"

Akapapasa ukingo wa baraza. "Nusu yangu."

"Na vile vipande vya chokaa ulivimega vidogo."

"Nilivimega. Nilijiambia chokaa hukomaa, kila mwaka huzidi ugumu, basi mzigo wake upungue. Nikajiambia hivyo mpaka nikaamini. Halafu macho yakaniishia, nikakosa cha kutazama ila hilo."

"Hukuvipanga tena sawasawa?"

"Sikuthubutu. Nikikuta simiti ndiyo nyepesi, nitakuja Ndau kwa uso gani? Wewe ulitoa vikuku vya mamako. Ulipokuwa ukipita nyuma ya mlango nilivisikia. Baadaye nikaja, sikuvisikia tena."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali, nimeyabeba tangu ujana. Yakanitoka mengine. "Mimi nilivipanga."

Akageuza uso. "Ulipanga nini?"

"Makombe yako. Kwa vifuu. Vipande sawa kwa sawa."

"Ukapata?"

"Chokaa. Kwa kombe moja."

"Wanihurumia."

Ndani Bi Rukia akacheka mpaka akakohoa. "Huyo akuhurumie wewe? Huyo aliyekuja kakunja uso kama mdai?"

"Rukia, lete mkoba."

Mkoba ukaja, ukili wake umefifia, makombe yamo. Tukatandika jamvi. Mimi nilikumbuka kila safu, yeye alikumbuka kila swali. Nilimega, yeye akavipapasa kimoja kimoja, na hakuniamini hata kimoja. "Hiki cha chokaa kidogo. Wanipendelea. Mega kingine." Nikamega kingine. "Hiki cha simiti kikubwa." Nikakipunguza. Alinishuku kama nilivyomshuku yeye, na kusema kweli kazi ilikwenda vizuri. Tulipotia kwenye mizani aliweka ncha ya kidole chini ya kitanga cha chokaa. Kikapanda, kidogo mno, kikamwacha kidole chake. Akatoa kombe moja kwenye cha simiti. Kikarudi kikamgusa.

Alikaa na kidole pale pale.

"Basi niliiba kitu ambacho ningepewa," akasema.

Kumwambia si kitu ningekuwa mwongo, na kumlaumu nisingeweza, jabia limejaa.

Bi Rukia akaleta maji. Nilikipokea kikombe, nikakiinamisha, nikatazama chini. Yeye haoni, lakini alisikia nimekawia.

"Kuna nini?"

"Vumbi la makuti."

"La paa langu?"

"La paa lako, Bwana. Bado wapima?"

"Bado," akasema.

Nikasema Bismillahi, nikanywa.